Sindano Ikae Kando

Mpelekee fundi cherehani shati lililochanika, naye ataanza kutafuta uzi wa rangi yake kabla hujamaliza kueleza lilivyochanika. Sindano ndiyo kazi yake na ndiyo heshima yake. Koti la mvua linamgeuzia mambo. Kila sindano inapopita huacha tundu, na kwa maji tundu ni mlango. Mpasuko wa urefu wa kidole, ukipitishwa kwenye cherehani mara moja tu, hupata matundu yapatayo thelathini ambayo hayakuwepo. Kwa macho nguo imefungwa, lakini sasa imetobolewa kila upande wa jeraha.

Ndiyo maana wanaojua kuziba makoti haya nawaweka katika kundi lao peke yao. Wengi ni mafundi wazuri wa cherehani waliolazimika kujifunza kazi ya pili ndani ya ile ya kwanza, nayo ni kazi ya kujizuia. Na mahali pazuri pa kuwatazama ni Moshi.

Mlima ndio ulioileta kazi hii mjini. Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895, na kila mgeni anayeipanda ana wapagazi kadhaa nyuma yake, vijana ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Mzigo unaoruhusiwa kwa mpagazi ni kilo 20, na mzigo huo hupita msituni kwanza. Geti la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi, na kutoka hapo hadi karibu mita 3,000 ni msitu wa mvua; miteremko hii ya kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Aliyelowa msituni hupanda na unyevu wake, na huko juu hakuna mchezo: kambi ya Barafu iko kwenye mita zaidi ya 4,600. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya hewa iliyotulia. Kwa mgumu, koti lisilovuja ni kitendea kazi kama vilivyo viatu.

Sasa tazama koti lenyewe linakotoka. Mengine yananunuliwa kwenye masoko ya mitumba ya Memorial au Kiboriloni, yakiwa yamefika ndani ya robota kutoka Ulaya na Marekani. Mengine ni zawadi ya mgeni aliyemaliza safari na hataki kurudi kwao na begi zito. Mengine huazimwa: Kilimanjaro Porters Assistance Project, mradi ulioanza mwaka 2003, huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Kwa njia yoyote ile, koti humfikia mwenyewe wa Moshi likiwa limeshaishi maisha mengine. Limekwishakunjwa miaka kabatini, limekwishafuliwa kwa sabuni isiyofaa, na huenda limekwishachanika na kubandikwa vibaya na mtu asiyejulikana. Fundi hapokei nguo mpya iliyopata ajali. Anapokea mzee mwenye historia ndefu isiyoandikwa popote.

Mama ninayemwandika hapa anaishi Majengo, na hapendi jina lake litajwe. Marehemu mume wake alikuwa mpishi wa safari za mlimani, na kazi hii ilianza kwa makoti ya mume kabla ya majirani kuleta ya kwao. Anafanyia kibarazani. Juu ya meza kuna mkasi ambao hauruhusiwi kugusa karatasi, wembe, chupa ya spiriti, pamba, rula ya shule, koleo dogo, kipande cha mshumaa, vijiti vya aiskrimu na gundi za aina tatu. Chini ya meza kuna gunia la makoti yaliyokufa, ambayo ndiyo duka lake la viraka. Cherehani ipo pia, imefunikwa kitenge, na siku nyingi hukaa imefunikwa hivyo hivyo.

Kijana anaingia na koti la bluu begani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Limekufanya nini?”

“Linavuja, mama. Linavuja lote.”

“Hakuna koti linalovuja lote. Weka hapa.”

Jibu hilo la mwisho ni nusu ya ufundi wake. Anachovya vidole kwenye kikombe cha maji na kunyunyiza bega, kifua na mgongo wa koti. Kisha anatazama. Kifuani tone linasimama mviringo na kubiringika hadi chini. Begani tone linalala, linatandaa, na kitambaa kinabadilika rangi na kuwa cheusi. Mwenye koti anaona pale penye weusi na kusema, “Unaona, mama?” Mama anaona kitu kingine. Kitambaa cha juu kimelewa maji kwa sababu dawa yake ya kufukuza maji imefunikwa na mafuta ya mwili, moshi wa jiko na vumbi. Chini yake huenda kizuizi chenyewe ni kizima kabisa. Lakini kitambaa cha juu kikishajaa maji, jasho halipati pa kutokea na ubaridi unagusa ngozi, hivyo mvaaji anaapa kwamba mvua imeingia.

Koti la namna hiyo halihitaji kiraka. Linahitaji kufuliwa kwa sabuni laini, kusuuzwa mpaka povu liishe, bila dawa ya kulainisha nguo, likaushwe, kisha lipashwe joto la kiasi ili ile dawa iliyobaki ijipange upya. Mama hutoza kidogo sana kwa ushauri huo, na wateja wengine huona hata hicho kidogo ni kingi, kwa kuwa hawakuona kazi ikifanyika.

Kutafuta uvujaji wa kweli kuna utaratibu wake. Koti linageuzwa ndani nje na kuinuliwa kwenye mwanga wa jua, sehemu kwa sehemu, kwa sababu tundu la cheche ya jiko halionekani mezani lakini mbele ya jua hung’aa. Penye shaka anakusanya kitambaa kama mfuko, anamimina maji robo kikombe, na kuweka kiganja kikavu chini. Kisha hafanyi lolote. Haminyi wala hatikisi. Anaongea na mteja habari za watoto na za njia, mpaka kiganja kimpe jibu. Penye tundu anachora duara kwa chaki.

Baada ya miaka ya kufanya hivi, anaweza kukisia kazi ya mvaaji bila kuuliza. Mikono yenye vitobo vidogo vilivyoyeyuka kando ni ya mpishi. Mabega yaliyosagika hadi uzi kuonekana ni ya anayebeba begi mgongoni na mzigo wa mgeni shingoni. Mpasuko wa chini, karibu na pindo, mara nyingi ni wa kichaka kigumu cha juu ya msitu, na ule wa kiwiko au mkono ni wa mawe, hasa ukuta wa Barranco, ambako kila anayepita hutumia mikono.

Tatizo la sindano ni la zamani kuliko nailoni. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji: vitambaa viwili vilivyogandishwa pamoja kwa mpira ulioyeyushwa katika nafta. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizuri. Waliokiharibia jina ni mafundi nguo, walioshona makoti kama walivyozoea, na mvua ikapitia kwenye mishono. Karibu karne moja na nusu baadaye, mwaka 1969, Robert Gore wa Marekani alivuta kwa nguvu na kwa ghafla fimbo ya plastiki iliyopashwa moto, jamii ya ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoganda chakula. Fimbo haikukatika. Ilitanuka mno, na kutokana nayo ukapatikana utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Watengenezaji husema inchi moja ya mraba ina vitundu bilioni 9, kila kimoja kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji na kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Jasho hutoka likiwa mvuke, mvua haiwezi kuingia ikiwa tone. Lakini nguo lazima ishonwe, na hadi leo kiwanda kikishamaliza kushona koti la namna hii hurudi ndani kufunika kila mshono kwa utepe unaogandishwa kwa joto. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hili. Fundi wa jahazi akishagongomea mbao zake, kazi inayofuata ni kusindilia pamba yenye mafuta katikati yake. Bila kalafati, jahazi ni mbao zilizopangwa vizuri tu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa gundi, mama anataka kujua analotibu ni koti la aina gani. Yapo yenye tabaka tatu: kitambaa cha nje, utando, na bitana nyembamba iliyogandishwa kwa ndani. Yapo ya bei nafuu yasiyo na utando, ila yamepakwa poliyurethani upande wa ndani kama rangi. Yapo mepesi mno, pamoja na mahema, yaliyopakwa silikoni. Na yapo mazito ya plastiki, yale wanayovaa madereva wa bodaboda, ambayo hayapumui lakini hayadanganyi.

Kila moja lina gundi yake, na hapa ndipo wengi hupotelea. Solusheni ya kuzibia tairi la baiskeli inashika mpira. Ukiipaka kwenye nailoni, baada ya siku chache kiraka huinuka kama hakijawahi kugandishwa. Plastiki ya bodaboda inataka gundi ya plastiki. Utando na poliyurethani vinakubali gundi ya poliyurethani, ambayo ikikauka hubaki laini na kuvutika. Silikoni haikubali kitu kingine isipokuwa silikoni. Kuitambua, mama hubandika kipande cha selotepu upande wa ndani na kukisugua kwa ukucha. Kikishika, si silikoni. Kikidondoka chenyewe, anarudisha mkono kwenye bomba jingine, anakamua silikoni kidogo, anailegeza kwa tone la kiyeyushi cha rangi, na kuipaka nyembamba kiasi kwamba rangi ya kitambaa bado inaonekana chini yake.

Nilimwona akitibu mpasuko wa pembe, wenye umbo la herufi L, kwenye mkono wa kushoto wa koti la tabaka tatu. Kijana alikuwa ameshaufunga mlimani kwa selotepu pana ya kahawia, na selotepu iliposhuka na koti iliacha utando wa gundi iliyoshika vumbi. Kuondoa masalia hayo kulichukua muda mrefu kuliko kiraka chenyewe. Pamba, spiriti, duara dogo dogo, pamba mpya. Hakukwangua kwa wembe hata pale uvivu ulipoomba. Alipomaliza alipitisha ncha ya kidole juu ya kitambaa, akasikiliza. Kitambaa safi hutoa mlio mkavu. Chenye mabaki ya gundi hunyamaza na kushikashika. Alirudia.

Kisha nyuzi. Kwenye kingo za mpasuko kulikuwa na nyuzi zilizosimama. Hakuzivuta, kwa kuwa uzi wa nailoni ukivutwa huja na mwenzake, na mpasuko hurefuka mbele ya macho. Alizikata kwa mkasi, moja moja, zikabaki sawa na kitambaa.

Kitambaa hicho kilikuwa na mistari myembamba ya miraba, nyuzi nene zilizofumwa kila baada ya milimita chache ili mpasuko ukianza usikimbie mbali. Mistari hiyo ndiyo ramani yake. Alitandaza mkono wa koti juu ya ubao, uso juu, akaanza kusogeza kingo za mpasuko mpaka mstari wa upande mmoja ukaonana na mstari wa upande wa pili. Kwenye pembe ya L mistari ilikataa. Kitambaa kilikuwa kimevutika kidogo, na mtu mwenye haraka angekivuta kilingane kwa nguvu. Yeye alikiachia, akakilaza upya, akakisukuma kwa ncha ya kijiti kama mtu anayerudisha ngozi juu ya kidonda. Ilipokaa, alibandika vipande vitatu vya selotepu kwa nje kuishikilia, akageuza ndani nje.

Kiraka kilitoka kwenye gunia: mgongo wa koti jekundu lililokufa, kitambaa chepesi cha uzito unaokaribia wa koti lile. Alikikata umbo la yai. Kiraka cha pembe nne, hata kikigandishwa vizuri namna gani, kina kona nne za kuinuka, na kona ikiinuka inashikwa na kamba, na kamba humaliza kazi. Alipima kwa rula sentimita moja na nusu kutoka ukingo wa mpasuko kila upande, si zaidi sana wala si pungufu. Alisafisha tena kwa spiriti, akasubiri spiriti iruke. Alikamua gundi, akaitandaza kwa kijiti cha aiskrimu kuanzia katikati kwenda nje, tabaka jembamba lisilo na mlima wala bonde. Alilaza kiraka akianzia upande mmoja, akikishusha polepole ili hewa itangulie kutoka, kisha akakikandamiza kwa dole gumba kutoka katikati kuelekea pembeni. Kando ya kiraka ulitokeza uzi mwembamba wa gundi. Hakuufuta. Aliulaza kwa kijiti ukawa mteremko, ili ukingo wa kiraka usiwe ngazi ya kukwaruzwa.

Juu yake aliweka karatasi ya plastiki iliyotoka kwenye kifungashio cha vitenge, kwa sababu gundi hii haishiki plastiki ya aina hiyo. Zamani, anasema, alitumia mifuko ya rambo, lakini tangu Juni 1, 2019 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Tanzania, anatunza kila kifungashio kama leso. Juu ya plastiki aliweka ubao, juu ya ubao tofali. Akaosha mikono.

“Nije jioni, mama?” kijana aliuliza.

“Jioni ya kesho kutwa.”

Usiku wa kwanza ni wa kiraka cha ndani. Asubuhi selotepu ya nje hutolewa, na juu ya ufa hupitishwa mstari mwembamba wa gundi, unaoonekana tu koti likiinamishwa kwenye mwanga. Usiku wa pili ni wa mstari huo. Hakuna namna ya kuharakisha. Gundi ya poliyurethani haikauki kwa kuanikwa juani kama nguo; hukomaa kwa kunywa unyevu ulio hewani. Mama hakusoma hayo popote, lakini aliona siku nyingi kwamba viraka vya masika hushika mapema kuliko vya Julai, wakati Moshi ni baridi na hewa kavu. Mteja anayeona mawingu na kuomba gundi ikaushwe haraka kwa jiko hajui kwamba mawingu yale yanamfanyia kazi.

Sindano haifukuzwi kabisa. Begani, pale mkanda wa begi unapokaa, mpasuko huvutwa kila hatua, na gundi peke yake itachoka. Hapo kitenge kinatolewa juu ya meza ya cherehani, ingawa mara nyingi mama hushona kwa mkono. Anachagua sindano nyembamba kuliko zote alizo nazo na uzi wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza ukikaa na unyevu. Mishono yake ni michache na imeachana, inatosha kushika na haizidi. Kila tundu alilotoboa analijua. Akimaliza hugeuza koti na kupaka gundi juu ya mstari wote kwa ndani, akiizungusha kidogo ili iingie ndani ya tundu pamoja na uzi, kisha kiraka hufunika yote. Kwake kushona bila kuziba ni kazi iliyoachwa nusu, na kushona pasipohitajika ni uharibifu.

Joto ni hatari nyingine. Ule utepe wa kiwandani wa ndani ya mishono ndio huchoka mapema kwenye makoti ya mitumba. Huanza kuinuka kwenye kofia na shingoni, mahali penye jasho. Ukiwa bado mzima, unaweza kurudishwa kwa pasi. Mama ana pasi ya umeme na ya mkaa, na huamini zaidi ya umeme kwa kazi hii, maana mkaa hausikii amri. Hata hivyo umeme ukikatika hutumia ya mkaa, kwa kuijaribu kwanza kwenye kipande cha nailoni kutoka guniani. Kipande kikijikunja, pasi inawekwa kando mpaka ipoe. Kikilala bila kubadilika, anatandaza kitambaa cha pamba juu ya utepe na kupitisha pasi kwa kugusa na kuinua, bila kuburuta. Kisha anabonyeza kwa kitambaa kilichokunjwa mpaka joto liishe chini ya kiganja. Utepe hushika wakati unapoa, si wakati una moto, na anayeondoa mkono mapema hurudishiwa koti wiki ile ile.

Zipu humchukua dakika. Kichwa kilicholegea hubanwa kwa koleo pande zote mbili, kidogo mno, na meno husuguliwa mshumaa. Hakuna la kusimulia zaidi hapo.

Kuna makoti anayoyakataa, na namna anavyokataa nayo inafaa kutazamwa. Poliyurethani iliyokaa miaka mahali penye unyevu na joto huvunjika yenyewe kwa maji ya hewani: kwanza hunata, halafu huanza kumenyeka vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua jua. Kiraka kitagandishwa juu ya kitu ambacho chenyewe kinaachana na nguo. Mama humwonyesha mwenye koti kwa kusugua ukucha ndani ya bega na kumpa magamba mkononi. Hamwambii litupwe. Humwambia atalinunua kwa bei ndogo, kwa kuwa zipu, vishikizo, mikanda na labda mikono yake bado ina kazi. Wengi hukubali. Wengine huondoka wamekasirika kutafuta fundi mwingine, na atakayepatikana atachukua hela.

Makoti yenyewe yanabadilika, na mabadiliko hayo yatamfikia. Kemikali za jamii ya florini zilizofanya tone libiringike kwa miaka mingi zinaondolewa kwa sababu haziozi katika mazingira. Jimbo la California, kwa mfano, lilianza kuzizuia kwenye nguo mpya Januari 1, 2025. Dawa mpya za kufukuza maji hazihimili mafuta kama zile za zamani, hivyo koti jipya litalewa maji mapema zaidi likichafuka. Kinachouzwa dukani Ulaya leo kitakuwa kwenye robota la Memorial baada ya miaka kadhaa. Swali lake la kwanza, kama ni mpasuko au ni uchafu, litakuwa na thamani kubwa kuliko sasa.

Ninachokistahi zaidi katika kazi hii ni kipimo chake. Ungetegemea fundi ajivunie kiraka kigumu kisichong’oka. Mama hujivunia kile ambacho ukikunja nguo hukihisi. Supaglu anaichukia kwa sababu hiyo hasa: inashika kwa dakika, ikikauka inakuwa kigae, na mkono ukikunjwa mara kadhaa kitambaa hukatika pembeni mwa kigae hicho, pale ambapo palikuwa pazima. Kiraka kinene hufanya vivyo hivyo. Mvutano uliokuwa umesambaa kwenye kitambaa chote husukumwa hadi ukingo wa kiraka na kurundikana hapo. Ndiyo maana ya umbo la yai, ya gundi nyembamba, ya ule mteremko kwenye ukingo, ya kitambaa chenye uzito unaolingana. Yote yanatumikia shabaha moja, kwamba kiraka kisiwe na nguvu kuliko nguo. Kikiizidi, kitaishi chenyewe na kuiua.

Kwa hiyo hatoi ahadi ya milele. Koti lililozeeka litachanika tena, na anajua karibu ni wapi. Kijana aliporudi siku ya tatu, koti lilinyunyiziwa maji mbele yake, naye akaweka kiganja chake mwenyewe chini ya kiraka chekundu, akasubiri, akakitoa kikavu. Alitaka kulikunja koti aliingize kwenye begi. Mama alimzuia na kumpa masharti: litundikwe, lisikunjwe likiwa limelowa, lifuliwe kabla ya kila msimu, kamba ya mzigo isigusane nalo.

“Na likichanika tena huko juu?” kijana aliuliza.

“Litachanika, baba. Lifunge kwa kitambaa, lifunge kwa kamba, lifunge unavyoweza. Ila hiyo selotepu yako ya kahawia, niachie hapa.”